Mwana, Nyamala: Je, Mwalimu Anaweza Kufundishwa Kusikiliza?

Ukiwauliza wenyeji wa Mwananyamala jina la mtaa wao limetoka wapi, wengi watakuambia ni maneno mawili ya lugha za watu wa pwani: "mwana" na "nyamala". Mtoto, nyamaza. Nani alikuwa anamnyamazisha nani, hapo kila mtu ana hadithi yake.

Neno hilo lina sura mbili. Mama anayembembeleza mtoto anayelia usiku husema nyamaza. Mtu mzima aliyechoshwa na kelele naye husema nyamaza. Neno ni lile lile, lakini mtoto huitambua tofauti kabla hata hajajua kuongea.

Sasa twende darasani. Ni saa mbili na nusu asubuhi, kipindi cha pili, katika shule ya sekondari ya kutwa, iwe hapa Kinondoni au kule Temeke. Msichana wa kidato cha pili amelala juu ya dawati. Ni mara ya tatu wiki hii, na kazi ya nyumbani hajafanya. Mwalimu wa hisabati ana wanafunzi 70 mbele yake, mada haijaisha, na upimaji wa kidato cha pili unakaribia. Ana kama sekunde tano za kuamua: huyu ni mvivu, au huyu ana jambo?

Makala hii inahusu hizo sekunde tano. Watafiti wamejaribu, hapa Tanzania na kwa majirani zetu, kuwafundisha walimu kuamua tofauti katika muda huo, kisha wakapima kama mafunzo yalibadilisha kitu. Mengine yalifanikiwa. Mengine, yenye maudhui yanayofanana sana na hayo, hayakubadilisha chochote kinachopimika. Tunahitaji kujua kwa nini, maana shule zinatumia muda na fedha kwenye semina kila mwaka, na anayelipia semina iliyoshindwa ni yule aliyelala juu ya dawati.

Kuna nini kichwani mwake?

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Shirika hilo hilo linasema karibu theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili tunayoyaona kwa watu wazima huanza kabla ya miaka 14, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Huo ni wastani wa dunia, hauwezi kukuambia hali ya darasa lako. Ila ukiuchukua kama makisio, kwenye darasa la wanafunzi 70 unazungumzia watoto kama 10.

Turudi kwa binti yetu. Tuseme usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha, maji yakaingia ndani, familia nzima ikakesha inainua magodoro. Au tuseme hakuna mvua, ila baba na mama walipigana tena. Asubuhi amekuja shule, sare amevaa, lakini mwili wake bado uko kwenye hali ya hatari.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kutambua hatari haraka. Ikishtuka, mwili humwaga adrenalini na baadaye kotisoli: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakata. Mfumo huu ni mzuri sana ukikutana na mbwa mkali uchochoroni. Tatizo ni pale hatari inapokuwa ya kila siku. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayoitumia kupanga, kujizuia na kushikilia mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja, hufanya kazi vibaya chini ya msongo mkali. Hebu jaribu kuzidisha 17 kwa 6 kichwani huku mtu anakufokea. Sasa fikiria hali hiyo kwa muhula mzima.

Kwa hiyo mtoto mwenye msongo hufanana sana na mtoto mkaidi. Anasahau, analala, anajibu kwa hasira, anaacha kazi nusu, anakaa kimya akiulizwa. Mwalimu akimchapa, king'ora kilichokuwa kinalia kichwani kinaongezewa sauti, na ile sehemu ya mbele inayohitajika kwa hisabati inazidi kulemewa.

Jambo jingine la kujua: huyu mtoto hatakuja kukuambia "mwalimu, nina sonona". Kiswahili chetu kina njia zake. Atasema "nina mawazo". Atasema "kichwa kinaniuma", "tumbo linauma", "moyo mzito", au "nimechoka tu". Kauli ya kufikiria sana, ikiwa na maana ya kuelemewa, inasikika katika lugha nyingi za Afrika, na watafiti wa afya ya akili wameiandikia sana. Mwalimu anayeisikia kama malalamiko ya kawaida anakosa dalili ya kwanza, na pengine pekee, atakayopewa.

Kuna ushahidi pia kwamba kutaja hisia kwa jina husaidia. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapima watu ubongo wakati wanaangalia picha za nyuso zenye hisia kali. Walipotakiwa kuchagua neno la hisia ile, hasira au woga, shughuli ya amigdala ilipungua. Yaani kusema "nina hasira" ni hatua ya kwanza ya kuitawala hasira. Hapo ndipo lilipo wazo la elimu ya kijamii na kihisia: kumfundisha mtoto kuitambua hisia, kuitaja, kuituliza, kumwelewa mwenzake na kuamua vizuri, kama tunavyomfundisha kusoma na kuhesabu.

Tumeanzia wapi?

Huwezi kuzungumzia afya ya akili shuleni Tanzania ukaruka fimbo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 24 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Takriban nusu walimtaja mwalimu: ngumi, teke, kuchapwa.

Kanuni zipo. Adhabu ya viboko inaruhusiwa kisheria Tanzania Bara, lakini kwa makosa makubwa tu, isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu. Wewe uliyesoma shule zetu linganisha kanuni hizo na ulichokiona. Kuchapwa kwa kuchelewa namba, kwa kukosa hesabu, kwa kelele za darasa zima. Mangapi kati ya hayo yaliingia kitabuni?

Siandiki haya ili kuwashtaki walimu. Wengi wamekulia chini ya fimbo hiyo hiyo, wakapelekwa kwenye madarasa yaliyofurika, na chuoni walifundishwa zaidi namna ya kufundisha mada kuliko namna ya kukaa na mtoto aliyeelemewa. Ukimwambia mwalimu "acha kuchapa", swali lake la haki ni hili: nifanye nini badala yake, saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya watoto 70?

Arusha: siku tatu za maarifa

Jibu la kwanza lilikuwa kumpa mwalimu maarifa. Mwaka 2016 Stan Kutcher, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada, pamoja na wenzake Watanzania, walichapisha matokeo ya mafunzo ya siku tatu waliyowapa walimu wa sekondari mkoani Arusha. Walimu walijifunza ugonjwa wa akili ni nini, sonona na wasiwasi hufananaje kwa kijana, unyanyapaa unatoka wapi, na namna ya kufundisha hayo ndani ya masomo ya kawaida.

Matokeo yalikuwa mazuri kwa kile kilichopimwa. Maarifa yalipanda, unyanyapaa ukapungua, na walimu walionyesha utayari zaidi wa kutafuta msaada, kwa ajili yao wenyewe na kwa wengine. Hilo la mwisho usilipuuze. Mwalimu naye ana mwili na ubongo, ana mkopo, ana mgonjwa nyumbani, anapanda daladala mbili kufika kazini. Mwalimu anayeamini kwamba tatizo la akili ni aibu hatatafuta msaada, wala hatamruhusu mwanafunzi atafute.

Lakini kujua ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine. Sisi sote tunajua soda nyingi si nzuri. Kwa hiyo swali likabaki: mafunzo yanaweza kubadilisha kile mwalimu anachokifanya darasani?

Kutoka Chang'ombe: siku tano na nusu za mazoezi

Hapa ndipo anapoingia Mabula Nkuba, mtafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, pale Chang'ombe, Temeke. Yeye na wenzake, wakiwemo Katharin Hermenau na Tobias Hecker kutoka Ujerumani, walipima mafunzo yanayojulikana kwa kifupi kama ICC-T, yanayohusu uwezo wa mwalimu kuhusiana na watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Utafiti wao ulifanyika kwenye shule 8 za sekondari za serikali. Shule zilipangwa kwa bahati nasibu: nyingine zikapata mafunzo, nyingine zikabaki za kulinganishia. Kwa nini bahati nasibu? Kwa sababu ukiacha shule zijichague zenyewe, zitakazojitokeza ni zile zenye mkuu mwenye moyo wa mabadiliko, na baadaye hutajua kilichofanya kazi ni mafunzo au ni huyo mkuu. Na kwa nini shule nzima badala ya mwalimu mmoja mmoja? Kwa sababu walimu wa shule moja wanakaa ofisi moja, watapeana tu yale waliyojifunza.

Mafunzo yalikuwa ya siku tano na nusu, saa nane kwa siku. Walimu waliigiza matukio ya darasani, wakajadili, wakafanya kazi za makundi. Walijifunza uhusiano kati ya mwalimu na mwanafunzi, namna ya kuweka sheria za darasa zinazoeleweka, namna ya kusifu kwa usahihi, nidhamu isiyo na kipigo, na namna ya kumtambua na kumsaidia mwanafunzi mwenye mzigo. Kilichonigusa zaidi ni kipengele kimoja: walimu walirudi utotoni. Walitakiwa kukumbuka walivyoadhibiwa wao, na walivyojisikia. Mwalimu wa kwetu akisema "mimi nilichapwa na nimekuwa mtu", anakumbuka matokeo tu. Zoezi hili linamrudisha kwenye siku yenyewe, akiwa amesimama pale mbele, mikono inatetemeka.

Miezi michache baadaye, ukatili wa kimwili na wa maneno ulikuwa umepungua zaidi kwenye shule zilizofunzwa kuliko zile nyingine. Na hili halikusemwa na walimu peke yao, maana mwalimu anaweza kukuambia unachotaka kusikia. Wanafunzi pia waliulizwa, na majibu yao yalielekea upande huo huo. Mitazamo ya walimu kuhusu kipigo nayo ilibadilika.

Basi tumepata dawa? Ngoja kwanza.

Nyarugusu: mafunzo ambayo hayakubadilisha kitu

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu, Kigoma. Wanaishi hapo wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na shule za kambini zinafundishwa kwa sehemu kubwa na wakimbizi wenyewe. Shirika la IRC na wenzake walitengeneza mafunzo yaitwayo EmpaTeach. Lengo lilikuwa kumsaidia mwalimu kuwa na huruma kwa mwanafunzi, kutuliza hasira zake mwenyewe kwa mbinu zilizotoka kwenye tiba ya kisaikolojia, na kupanga njia za nidhamu zisizo na fimbo. Walimu walikutana kwenye vikundi kwa wiki kadhaa, wakiwa na vijitabu, wakiongozwa na walimu wenzao.

Kwenye karatasi, maudhui yanakaribiana sana na yale ya ICC-T. Tena mpango wenyewe ulikuwa wa gharama nafuu na rahisi kusambaza. Utafiti ulihusisha shule 27, kwa bahati nasibu vilevile, ukachapishwa mwaka 2021. Jibu: hakukuwa na ushahidi kwamba kipigo kutoka kwa walimu kilipungua.

Nawaheshimu sana watafiti waliochapisha matokeo hayo, kwa sababu bila wao tungeendelea kuamini kwamba mafunzo yoyote yenye nia njema yatafaa. Linganisha mazingira. Nyarugusu ni kambi ambako maisha ni magumu kwa wote, mwalimu na mwanafunzi, na madarasa yamejaa kupita kiasi. Linganisha na muundo: vikundi vinavyojiongoza kwa vijitabu upande mmoja, siku tano na nusu na wakufunzi waliobobea upande mwingine. Utafiti mmoja hauwezi kutuambia ni kipi kati ya hivyo kiliamua. Unatuambia tu kwamba maudhui mazuri hayatoshi.

Luwero: shule nzima, na watoto 434

Jaribio la tatu lilifanyika Luwero, Uganda. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza zana ya Shule Njema ambayo haimlengi mwalimu peke yake. Inamhusisha mkuu wa shule, walimu, wafanyakazi wengine, wanafunzi wenyewe na wazazi. Wanapanga pamoja, wanaweka sheria za shule pamoja, wanajipima pamoja. Karen Devries wa London na wenzake waliipima kwenye shule 42 za msingi, kwa miezi 18, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015.

Wanafunzi waliulizwa kama wamefanyiwa ukatili wa kimwili na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita. Kwenye shule za kulinganishia, asilimia 49 walisema ndiyo. Kwenye shule za mradi, asilimia 31. Bado ni wengi mno, lakini ni pungufu kubwa, na wanafunzi walijisikia salama zaidi shuleni.

Kuna mambo mawili zaidi katika utafiti huu, na yote mawili ni ya kukumbukwa. La kwanza: alama za afya ya akili za watoto na matokeo yao ya masomo havikubadilika. Shule ilipunguza kipigo, lakini kupunguza kipigo peke yake hakukutosha kuondoa huzuni na wasiwasi walivyokuwa navyo watoto.

La pili: kwa sababu ya yale waliyoyasema watoto walipohojiwa, 434 kati yao ilibidi wapelekwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto. Watoto 434! Walikuwa wanakuja shule kila siku, wanaitwa majina, wanajibu "nipo". Walipokaa na mtu mzima aliyewauliza kwa utulivu, wakasema.

Hapo ndipo nilipolikumbuka tena jina la mtaa wetu. Ukimfundisha mwalimu kuuliza, watoto watasema. Na wakishasema, shule iwe na mahali pa kuwapeleka. La sivyo tutakuwa tumewafungua vinywa na kuwaacha hapo hapo.

Kwa hiyo semina nzuri ina nini?

Ukiweka tafiti hizi pamoja, unapata vipimo vichache ambavyo wewe mzazi, mwalimu au mjumbe wa bodi ya shule unaweza kuvitumia mtu anapoleta mpango wa semina:

1. Kuna mazoezi? Kama ni mtu mmoja anasoma slaidi siku nzima, mwalimu atarudi na daftari na posho, basi. Anapaswa kuigiza zile sekunde tano, akosee, arudie.

2. Mkuu wa shule yumo, na walimu wengi wamo? Mwalimu mmoja wa ushauri na unasihi hawezi kushindana na ofisi nzima inayomcheka kwamba "anadekeza watoto".

3. Mwalimu anapewa kitu cha kushika badala ya fimbo? Sheria tano za darasa zilizokubaliwa na wanafunzi, sifa mahususi ("umepanga kazi yako vizuri leo"), adhabu zinazohusiana na kosa, mazungumzo ya faragha.

4. Hisia za mwalimu zinaguswa? Mtu aliyewaka hawezi kumtuliza aliyewaka.

5. Kuna ufuatiliaji baada ya semina, na kuna njia ya rufaa iliyoandikwa, yenye majina ya ofisi na namba za simu?

Wapo watakaosema muda huo ungetumika kufundishia. Ni hoja ya haki. Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake walikusanya tafiti za programu 213 za elimu ya kijamii na kihisia, nyingi zikiwa za Marekani, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000. Wanafunzi waliopata programu hizo walipanda kimasomo kiasi kwamba mwanafunzi wa katikati, aliyewapita wenzake 50 katika kila 100, angewapita 61. Na zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa zile zenye mfuatano, mazoezi, muda uliotengwa na lengo linaloeleweka. Yaani tunarudi kwenye kipimo namba moja.

Lakini usitarajie muujiza. Uingereza walifanya jaribio kubwa kwenye shule 85, walimu wakafunzwa kuwafundisha wanafunzi utulivu wa akili. Matokeo ya mwaka 2022: hakuna tofauti na shule zilizoendelea na utaratibu wao wa kawaida. Nchi tajiri, fedha zipo, na bado.

Turudi Mwananyamala

Tuseme mwalimu wetu wa hisabati amepata mafunzo mazuri. Sekunde tano zinaanza.

Anapita kati ya madawati huku akiendelea kufundisha. Akifika kwa binti, anagusa dawati taratibu, anamwambia kwa sauti ya chini, "Kanawe uso, halafu urudi." Darasa halijageuzwa mahakama. Kipindi kikiisha anamwita pembeni, mahali wanapoonekana lakini hawasikiki.

"Binti, hii ni mara ya tatu wiki hii nakuona umelala. Sijakuita kukuadhibu. Nyumbani kunaendaje?"

"Kawaida tu, mwalimu."

Hapa ndipo wengi tunapokata tamaa. Mafunzo mazuri yanakufundisha kwamba "kawaida tu" ni mlango ambao haujafungwa kabisa. Mwalimu hamlazimishi. "Sawa. Nikikuona umechoka hivi napata wasiwasi. Leo usiposema si vibaya. Nipo ofisini Jumatano baada ya vipindi." Halafu, na hili ndilo gumu kuliko yote, Jumatano anakuwepo kweli.

Siku binti akiongea, mwalimu anasikiliza zaidi ya anavyoshauri. Haanzi na "wenzako wana shida kuliko wewe". Haahidi kutunza siri ambayo hawezi kuitunza: "Nitakachosikia sitakitangaza, ila kama uko hatarini itabidi tumshirikishe mtu wa kukusaidia, na nitakuambia kabla." Mtoto akigusia kujiumiza au kutaka kufa, mwalimu anamuuliza moja kwa moja. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo, lakini tafiti hazijaonyesha hivyo. Mara nyingi kuulizwa kunampa ahueni. Mtoto wa namna hiyo haachwi peke yake hata dakika moja mpaka msaada ufike.

Kisha inakuja rufaa. Ndani ya shule yupo mwalimu wa ushauri na unasihi. Nje ya shule kuna afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Kama kuna ukatili, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna simu ya taifa ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo ni bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kwa matibabu, wakazi wa hapa wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, ambayo ni mwendo wa miguu kwa wengi wao. Hospitali hiyo imekuwa na kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini tangu mwaka 2012, kwa hiyo si mgeni wa mizigo ya kichwani. Kinachokosekana mara nyingi ni uzi wa kuunganisha dawati la darasani na dirisha la hospitali, na kila mwalimu aliyefunzwa vizuri anaweza kuwa sehemu ya uzi huo.

Wala hatupaswi kumgeuza mwalimu kuwa daktari. Kazi yake ni kuona mapema, kutoongeza jeraha, na kuunganisha. Kwa walio na dalili za sonona na wasiwasi, majirani wametuonyesha njia nyingine ya kusaidiana. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri waliwafundisha vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikao vinne vya makundi kuhusu kukua, shukrani na maadili ya mtu binafsi. Katika jaribio lao na wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, dalili zilipungua zaidi kwa waliopata vikao hivyo kuliko kwa kundi la kulinganishia. Kwa hiyo shule isiyo na mwanasaikolojia haijakosa kila kitu.

Kama wewe ni mwalimu na unasoma haya ukiwa kwenye daladala ya kurudi nyumbani, umechoka na sauti imekauka, hakuna anayekudai ubadilishe shule nzima kesho. Anza na mtoto mmoja. Unamjua, jina lake limekujia sasa hivi. Kesho muulize anaendeleaje, kwa sauti ile ya mama anayebembeleza, kisha unyamaze wewe ili yeye aseme.